Bikoni Nambari Kumi na Saba

Mimi ndiye niliyeshika utepe.
Usiulize sana. Mia nane kwa siku,
chai juu yao, na kofia ngumu ya manjano
ambayo mwanangu sasa huchotea maji.
Mpimaji akisema "Vuta," navuta.
Akisema "Simama," nasimama kati ya mikindu,
ubavuni mwa Matondoni,
kama mtu aliyeitwa jina akasahau jibu.

Siku ya mkutano waliitandaza ramani
juu ya meza ya madrasa,
wakaikandamiza pembe kwa soda nne
upepo usije ukabeba nyumba hata moja.
Nyumba mia mbili na arobaini.
Paa jekundu, paa jekundu, paa jekundu,
nyasi ambazo mbuzi wetu hawajawahi kuziota,
na watu waliochorwa bila kivuli
wakisukuma mtoto kwenye kigari.

Shekuwe, mwenye punda watatu, akanyoosha kidole:
"Na hapa palipoandikwa Maegesho?"
"Ya magari," akajibu bwana wa miwani.
Kimya.
Kisha kicheko kikaanzia nyuma, kwa wanawake,
kikaja mbele kama maji ya bamvua.
"Punda wangu," akasema Shekuwe,
"ataegeshwa wima au mlalo?"
Hata mpimaji aliangalia viatu vyake.

Somoe Lali hakucheka.
Alikuwa akisuka ukili, kidole hakikosei,
macho yako kwenye ramani.
"Kisima cha Mwana Shetu mmekitia wapi?"
Bwana wa miwani akaigeuza karatasi,
akaigeuza tena,
akainua chupa ya soda iliyokuwa pembeni:
palikuwa na duara la maji tu,
la chupa.

"Na bei?"
"Kuanzia milioni sita, mama. Polepole. Kwa awamu."

Mkeka wa Somoe huuzwa mia nane,
sawa na siku yangu moja ya kushika utepe,
nao humla wiki mbili.
Nilipiga hesabu nyuma ya fomu:
mikeka elfu saba na mia tano.
Miaka mia mbili themanini na minane,
asiugue, asizike mtu, asile.
Sikumwambia.

Wala sikumwambia kwamba fomu hiyo,
upande wa mbele, ilikuwa na jina langu.
Ndiyo, niliijaza.
Tunalala watano chumba cha mama mkwe,
na masika ya mwaka juzi yalitukuta
tumekinga sufuria usiku kucha kama waombaji.
Nataka mlango unaojua ufunguo wangu.
Nataka choo kisichonidai tochi.
Wako wanaokataa kwa niaba yangu;
nimewachunguza, wote wana bati.

Bikoni ya kumi na saba iliangukia
katikati ya mikindu ya Somoe.
Shimo nilichimba mimi. Saruji nilimimina mimi.
Nikaandika 17 kwa rangi nyekundu,
mkono ukacheza kidogo,
ile saba ikapinda ikawa mundu.

Leo asubuhi nimetumwa kukagua.
Kumi na sita, ipo. Kumi na nane, ipo.
Kumi na saba siioni:
Somoe ameanika ukindu juu yake,
fungu kwa fungu, mwingine ameshautia zambarau,
na yeye yuko kando, kisu mkononi, anachana.

"Ndoo," aniita. "Jiwe lenu lina faida.
Hapa ukindu haugusi mchanga."
"Bi Somoe, wanataka kuipiga picha."
"Nawapige. Ukauke kwanda."

Simu inalia. Mpimaji, mara ya tatu.
Rangi ile, siku ya jua kali,
hukauka kabla ya adhuhuri.
Natazama juu.
Leo kuna mawingu.